Kabla ya Kugawa, Tuhesabu

Mjomba wangu alinipigia simu kutoka Handeni akanitaka niende nyumbani kuandika barua. Hakukuwa na msiba wala ugonjwa. Wazee wa upande wa juu wa kijiji chetu walikuwa wamekubaliana kuomba kijiji kigawanywe kuwa viwili, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa chuo kikuu, waliona kwamba mkono wangu ndio unaofaa kuandika maombi hayo. "Serikali ikiona Kiswahili chako haitakataa," alisema. Nilijaribu kumweleza kwamba mtendaji wa kijiji anaweza kuiandika barua hiyo vizuri kuliko mimi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimesahau ni nani aliyelipa nauli yangu ya kwanza ya kwenda shule ya bweni. Sikuwa nimesahau. Ijumaa iliyofuata nililala Korogwe kwa dada yangu, mtaa wa Manundu, na Jumamosi asubuhi nikapanda gari la Handeni.

Kijiji chenyewe sitakitaja, kwa sababu suala lake bado liko mbele ya vikao, na sipendi maneno yangu yawe ushahidi wa upande wowote. Itoshe kusema kwamba kiko pembeni ya barabara ile ya kilomita 65 inayoziunganisha Korogwe na Handeni, ambayo siku hizi ni ya lami na ambayo utotoni mwetu ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Njia nzima sikuiwaza barua. Niliiwaza mashine moja niliyoihudumia Dar es Salaam kabla sijaingia katika ualimu, na usiku mmoja nilipoigawa mashine hiyo kwa amri chache nilizozichapa kwa vidole vyangu mwenyewe. Kisa hicho sijawahi kukiandika. Nakiandika leo kwa sababu katika nchi yetu kugawa kumekuwa jibu la karibu kila lalamiko la wananchi, na mimi nimewahi kugawa, nikaona matokeo yake.

Mwaka 2006 nilikuwa na ajira ya mkataba katika taasisi moja jijini, nikiwa msimamizi wa mifumo ya kompyuta. Taasisi hiyo ilikuwa na seva kubwa ya kampuni ya HP, aina ya rp8400, iliyotumia mfumo endeshi wa HP-UX. Msomaji ambaye hajawahi kuingia katika chumba cha seva na alifikirie kabati la chuma lenye kelele kama mashine ya kusaga iliyo nyumba ya tatu. Ndani ya kabati hilo zilikuwamo bodi nne zilizoitwa seli, zilizohesabiwa kuanzia sifuri hadi tatu. Kila seli ilikuwa na nafasi ya prosesa nne na kumbukumbu yake. Seli zote nne zikiunganishwa, mashine inajiona kuwa kompyuta moja yenye prosesa 16. Lakini watengenezaji waliijenga kwa namna ambayo seli zinaweza kutenganishwa, baadhi zikawa kompyuta moja na nyingine zikawa kompyuta ya pili, kila moja ikiwa na mfumo endeshi wake, ikiwashwa na kuzimwa bila kumuuliza mwenzake.

Mgawanyo huo hufanyika kwenye vifaa vyenyewe. Mimi nilizoea kuita kila fungu kizigeu, kwa jina la ule ukuta mwembamba unaokifanya chumba kimoja kuwa viwili. Wazo lenyewe halikuwa la kampuni moja. IBM iliziwezesha kompyuta zake kubwa kugawanywa mwaka 1988. Sun Microsystems ikafuata mwaka 1997 kwa mashine yake ya Enterprise 10000. HP ikaleta Superdome mwaka 2000, na hiyo rp8400 yetu ilikuwa ndugu yake mdogo. Sababu ya kugawa ilikuwa njema. Programu ya idara moja ikianguka, au bodi ikiharibika, madhara yanabaki ndani ya kizigeu kimoja, na jirani anaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimewahi kuona jambo hilo kwa macho, na tangu hapo sijawahi kumdharau mtu anayetaka ukuta kati yake na jirani mwenye matatizo.

Kulikuwa na programu ya kubofya iliyofanya kazi hiyo kwa picha, lakini sisi tulizoea kutumia amri za kuchapa. Ya kwanza kufundishwa iliitwa parstatus. Amri hiyo haibadilishi chochote. Kazi yake ni kuhesabu. Ukichapa parstatus -C, inakuorodheshea seli zote: ipi inafanya kazi na ipi imelala, ina prosesa ngapi nzima na ngapi mbovu, ina kumbukumbu kiasi gani, imeunganishwa na vifaa gani, na kama inafaa kuwa seli kiini. Ukichapa parstatus -P, unaorodheshewa vizigeu. Ukichapa parstatus -w, unaambiwa wewe mwenyewe uko ndani ya kizigeu namba ngapi. Amri hii ya mwisho huonekana ya kijinga mpaka siku utakapotoa amri nzito ukidhani uko kwa jirani, kumbe uko kwako.

Baada ya kuhesabu ndipo zinafuata amri za kutenda. Parcreate huunda kizigeu kipya, parmodify huongeza au kuondoa seli, na parremove hukivunja kizigeu. Kila seli huhifadhi nakala ya ramani ya mgawanyo wote wa mashine, ili kila mmoja ajue nani ni wa wapi. Na zipo kanuni ambazo amri hizo haziwezi kuzikwepa. Kizigeu hakiwaki bila seli kiini, yaani seli iliyounganishwa na vile vifaa vya msingi ambavyo kompyuta huvihitaji ili iamke na kuongea na msimamizi wake. Katika mashine yetu, ambayo haikuwa na kabati la nyongeza, seli za namna hiyo zilikuwa mbili tu, namba 0 na namba 1. Kwa hiyo ungeweza kuwa na vizigeu viwili. Cha tatu hakikuwezekana, hata kama ulikuwa na seli ya ziada imekaa bure na mkurugenzi wa tatu amesimama mlangoni akidai haki yake.

Wakurugenzi wetu walikuwa wawili na hawakuelewana. Seva ilikuwa chini ya mmoja wao, na kila mwenzake alipochelewa kupata ripoti, alisema anahujumiwa. Hatimaye mkuu wa taasisi, akiwa amechoka kuwaamua, akatoa agizo kwamba mashine igawanywe katikati: seli mbili huku, seli mbili kule. Lilikuwa agizo la haki kwa sura yake. Watoto wawili wakigombea mkate, mzazi huukata.

Mimi nilijua jambo ambalo mkuu hakulijua. Nilikuwa nimeitazama mashine ile kila mwisho wa mwezi kwa zaidi ya mwaka mzima, na nilijua kwamba programu ya mishahara, siku nyingine ikiwa mpole kama kondoo, mwisho wa mwezi huhitaji karibu kumbukumbu yote iliyokuwepo. Programu za mkurugenzi wa pili hazikuhitaji hata robo yake. Kama ningeulizwa, ningesema: tumpe huyu seli moja, namba 1, abaki na ukuta wake na heshima yake, na zile tatu zibaki kwa mishahara. Sikuulizwa. Na mimi, mtu wa mkataba unaoisha Desemba, sikusema.

Usiku wa Jumamosi moja ya Oktoba nilibaki peke yangu. Nikachapa parmodify -p 0 -d 1 -d 3, kuziondoa seli mbili katika kizigeu namba 0. Kisha shutdown -R, ambayo huizima mashine na kuiwasha upya ili mgawanyo mpya ushike. Zilipokuwa huru nikachapa parcreate, nikakipa kizigeu kipya jina alilolitaka mkurugenzi, na mbele ya jina hilo nikaandika -c 1::: -c 3:::. Mashine ikajibu kwamba kizigeu kimeundwa. Kazi yote, pamoja na kungojea, haikufika saa tatu. Jumatatu mkurugenzi wa pili alinishika mkono akanipongeza mbele ya watu, na nakiri kwamba nilifurahi.

Novemba ilipita kwa tabu, lakini ilipita. Desemba mishahara ilikuja pamoja na malimbikizo na posho za likizo, na kizigeu namba 0 kikashindwa kupumua. Kumbukumbu ilipojaa, mashine ilianza kuhamishia data kwenye diski na kuirudisha, na kazi iliyokuwa ikimalizika usiku mmoja ikachukua siku tatu, kisha ikakatika, ikaanza upya. Muda huo huo niliingia katika kizigeu cha pili nikaona prosesa zake zimekaa tu. Chakula kilikuwa kinachacha upande mmoja wa ukuta, na upande wa pili watu wana njaa.

Dawa yake niliijua: kuirudisha seli namba 3. Lakini hapa ndipo nilipojifunza kwamba kurudisha si sawa na kutoa. Ili seli itoke katika kizigeu cha pili, kizigeu hicho kilipaswa kuzimwa na kuwashwa upya. Na ili iingie katika cha kwanza, nacho kizimwe. Msimamizi mkuu wa kizigeu kimoja, katika mashine za kizazi kile, aliweza kutoa amri ya kumbadilishia hata jirani, na nywila zote nilikuwa nazo. Uwezo nilikuwa nao, ila sikuwa na ruhusa. Mkurugenzi wa pili aliponisikia alicheka. Alisema seli zile alipewa kwa agizo lenye saini, na kwamba hawezi kuzima mashine yake kwa sababu ya uzembe wa watu wengine. Miezi miwili kabla hakuwa na seli hata moja. Sasa zilikuwa zake.

Taasisi ile ilikuwa na mlinzi mmoja mzee, mtu wa Mombo, ambaye kwa kuwa wote tulikuwa wa Tanga tulizoea kukaa pamoja jioni getini. Nilimwamkia kila siku, naye akaniitikia "Marahaba mwanangu" kwa sauti ya mtu wa milimani. Mama yake alikuwa amefariki Novemba, na arobaini ilipangwa ifanyike siku chache baada ya mshahara wa Desemba, kwa sababu yeye ndiye mtoto mkubwa na ndiye aliyeahidi ng'ombe. Mshahara haukutoka. Alikuja mara mbili kuniuliza, kwa adabu, kama mimi mtu wa kompyuta nimesikia lolote. Mara ya pili nilimpa nilichokuwa nacho mfukoni, kilichotosha nauli lakini hakikutosha ng'ombe. Alikirudisha. Alisema mtoto mkubwa haendi arobaini ya mama yake na nauli peke yake. Siku ya shughuli ile alikuwa getini, amevaa sare, anafungua na kufunga.

Sikumwambia kamwe kwamba mgawanyo ule ulifanywa na mimi. Seli namba 3 ilirudishwa Januari, baada ya barua nyingi, kwa amri mbili na kuwashwa upya mara mbili. Mkataba wangu haukuongezwa, na hilo halikuniuma kama nilivyotarajia.

Nilifika kijijini saa nne. Wazee walikuwa wamekaa chini ya mwembe wa mjomba, wanaume kumi na mmoja. Nikawaamkia mmoja baada ya mwingine, nikapewa kiti, na malalamiko yakaanza. Niseme wazi kwamba yalikuwa ya kweli. Kijiji kina vitongoji vitano, vitatu upande wa chini karibu na barabara na viwili upande wa juu. Mwenyekiti wa kijiji siku zote hutoka chini, kwa kuwa huko ndiko kura ziliko. Ushuru wa mazao ya msitu hukusanywa kutoka msitu ulioko juu, lakini fedha zake zilipakia rangi ofisi iliyoko chini. Mbolea ya ruzuku ikija, orodha ya majina huandikwa chini, na wa juu husikia habari zake mifuko ikiwa imekwisha. Mzee mmoja alisema, "Sisi ni kama mtoto wa kambo: kazini anaitwa, kwenye sahani anasahauliwa."

Sikuwa na la kubisha. Na historia ya Handeni inawapa wazee hawa haki ya kusema. Kijiji chenyewe hakikuzaliwa kwa hiari. Mwishoni mwa mwaka 1973 kuishi katika vijiji kuliacha kuwa ombi la serikali, kukawa amri. Na mjomba anakumbuka jinsi walivyoshushwa kutoka mashamba ya juu na kupangiwa mistari ya nyumba. Hata mwaka 2022 wilaya hiyo hiyo, huko Msomera, ilipokea familia zilizohamishwa kutoka Ngorongoro, na nchi nzima ikabishana kama kuhama kule kulikuwa hiari au la. Nilikuwa nikiwaza jambo hilo garini. Seli ikitolewa katika kizigeu, kumbukumbu yake hufutwa, inaingia kwa mwenyeji mpya ikiwa tupu. Binadamu huhama na kumbukumbu zake zote, na miaka hamsini baadaye anaweza kukuonesha kwa kidole mahali ulipokuwa mlango wa baba yake.

Wala siamini kwamba kugawa ni kosa. Handeni ya utoto wetu ilikuwa kubwa kupita kiasi. Kilindi ilipotengwa na kuwa wilaya mwaka 2002, watu wa Songe na vijiji vilivyoizunguka waliacha kuifuata serikali ya wilaya hadi Handeni mjini. Kutoka Muheza ikazaliwa Mkinga. Korogwe ikapata halmashauri ya mji kando ya ile ya wilaya, na Handeni vilevile. Serikali za mitaa, zilizofutwa mwaka 1972 na kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zilikusudiwa zimsogelee mwananchi, na huwezi kumsogelea mtu ukiwa mbali naye. Lakini halmashauri mpya huzaliwa ikihitaji ofisi, magari, watumishi na mapato yake yenyewe. Kutangazwa gazetini kunaipa jina. Seli kiini ni jambo jingine, na halitoki gazetini.

Tena kuna vitu ambavyo ukuta wowote haugawi. Vizigeu vyetu viwili, pamoja na kujitegemea kote, vilitumia kabati moja na umeme wa kabati lile. Mradi wa maji wa HTM, uliojengwa katika miaka ya 1970, huyatoa maji katika Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha Handeni. Mpaka wa wilaya unapita katikati ya bomba hilo, na bomba haliujui. Ndiyo maana katika mpango wa serikali wa maji kwa miji 28, Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimewekwa katika mradi mmoja.

Wazee walipomaliza, mjomba akanipa karatasi na kalamu. Nikamwambia, "Mjomba, nitaandika. Lakini kabla ya barua naomba tuhesabu." Akauliza tuhesabu nini. Nikasema kila kitu: kilichoko juu na kilichoko chini. Nikachora mstari katikati ya karatasi. Sikuwaeleza habari za parstatus, maana ningeonekana nimeleta mambo ya mjini. Lakini ndiyo niliyoifanya.

Chini tukaandika zahanati, shule ya msingi, ofisi ya kijiji, na lambo. Juu tukaandika msitu wa kijiji, ghala la zamani la mazao, mashine ya kusaga, na makaburi ya pande zote mbili, kwa kuwa wa chini pia wazee wao wamezikwa juu. Mjomba alitazama mistari ile akasema, si mbaya, na sisi tuna vyetu. Wengine wakakubali. Kijana mmoja akasema msitu ukiwa wetu peke yetu, ushuru wake utajenga zahanati katika miaka miwili. Nikaandika na hilo, nikauliza ushuru wa mwaka jana ulikuwa shilingi ngapi. Hakuna aliyejua. Nikaandika kwamba hakuna anayejua.

Mke wa mjomba alikuwa jikoni akisikiliza. Alikuja na chai, akaweka sinia chini, akamuuliza mumewe, si mimi: "Hilo lambo mmeliandika upande gani?" Akajibiwa chini. Akasema, "Basi tukishagawana, mwezi wa kumi tutachota kwa kibali cha nani?"

Wanaume kumi na mmoja hawakuwa na jibu. Si kwamba walikuwa wabaya au wajinga. Hakuna hata mmoja wao anayebeba ndoo. Yule aliyejua kumbukumbu inajaa lini hakuwa ameitwa kikaoni. Alikuwa jikoni anachemsha chai ya kikao. Nilitazama chini kwa aibu ambayo wao hawakuielewa, kwa sababu mwaka 2006 mimi ndiye niliyekuwa jikoni, nikajua, na nikanyamaza. Mama huyu hakunyamaza.

Mjomba alijaribu kusema kwamba wa chini ni ndugu zetu na hawatatunyima maji. Ndipo nilipowasimulia habari za mkurugenzi na seli namba 3, kwa ufupi, bila majina. Niliwaambia kwamba hata yeye hakuwa mtu mbaya kabla ya kupewa karatasi yenye saini. Mwaka wa mvua nzuri lambo litakuwa la ndugu. Mwaka wa ukame litakuwa la kijiji chenye hati yake. Na siku hiyo, ili kubadili mpaka, itabidi kupita upya njia yote: mkutano mkuu wa kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, vikao vya wilaya na mkoa, hadi kwa waziri. Kugawa kuna amri yake. Kurudi nyuma hakuna amri moja. Kuna kumwomba jirani azime mashine yake.

Mjomba alikasirika. Aliniambia, mbele ya wazee, kwamba aliniita niandike na si nifundishe, na kwamba labda wa chini wamenifikia njiani. Yalikuwa maneno makali kutoka kwa mtu aliyenilipia nauli. Nikamjibu kwamba nitaandika hayo maombi leo hii, kama anavyotaka, kwa Kiswahili bora nilicho nacho, ila ninaomba orodha ile iambatanishwe, na mkewe awepo barua ikisomwa. Mzee wa mtoto wa kambo ndiye aliyetuokoa. Alisema hajaona ubaya wa kuonesha hesabu, kama hesabu yetu ni ya kweli.

Tukakaa hadi alasiri. Barua iliyotoka haikuwa ile niliyoitiwa. Inaomba kijiji kigawanywe, ndiyo, lakini inaomba kwanza mambo matatu: upande wa juu uchimbiwe lambo lake kabla ya mpaka kuchorwa, mapato ya msitu yasomwe kwenye mkutano mkuu kila robo mwaka, na hadi hapo, orodha ya mbolea iandikwe kwa kitongoji, mbele ya watu wa kitongoji hicho. Nilipoisoma kwa sauti niliona kwamba kama jambo la pili na la tatu yakitendeka, sehemu kubwa ya malalamiko ya asubuhi itakuwa imejibiwa bila mpaka wowote. Sikulisema. Wazee walikuwa na masikio yao.

Wanafunzi wangu huniuliza mara nyingi kwa nini niliacha kazi ya mashine nikaingia katika mambo ya siasa na jamii. Huwa nawajibu kwamba sikuacha. Mashine zile zimezeeka, na wanaozichapia amri ni wachache kila mwaka unaopita. Lakini amri za kugawa bado zinatolewa kila siku katika nchi hii, na wanaozitoa mara nyingi hawajaiona orodha. Ombi langu kwao, na kwa diwani, na kwa mbunge anayeahidi wilaya mpya jukwaani, ni dogo: wahesabu kwanza, kwa sauti, na yule anayechota maji awepo.

Mjomba hakunisindikiza barabarani siku ile. Alimtuma kijana na kiroba cha mahindi, bila salamu. Juzi usiku amepiga simu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza hali ya watoto, kisha akaniuliza kama ile karatasi yenye mstari katikati nilibaki na nakala yake. Nikasema ninayo.

"Itume," akasema. "Wa chini nao wanataka kuiona."